Kijana wa Dameski na Minara ya Akka

  

 Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tuandae nguvu kadiri ya uwezo wetu, ili adui ahofu kutushambulia. Wengi wetu tusikiapo neno nguvu hufikiri wingi wa watu na ukali wa panga. Leo twataka kuonyesha, kwa njia ya tarikh, kwamba katika nguvu hizo imo elimu ya mtu mmoja ambaye pengine hakuna amjaliye. Na imo pia hekima ya kiongozi akubaliye kumsikiliza.

Mfano wa kwanza mwaujua. Mwaka wa 5 wa Hijra, sawa na mwaka 627, makabila yaliungana kuuvamia mji wa Madina, askari wapatao 10,000 dhidi ya Waislamu wapatao 3,000. Aliyetoa shauri hakuwa mzee wa Kikureshi wala bingwa wa Kiansari. Alikuwa Salman Mfursi, mgeni aliyetoka utumwani siku si nyingi, naye akaeleza kwamba kwao Uajemi watu huchimba handaki wakihofu wapanda farasi. Waarabu hawakuizoea hila hiyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikubali, na yeye mwenyewe akabeba mchanga pamoja na masahaba zake. Farasi wa maadui wakazuilika, na mji ukasalimika. Hata neno letu la Kiswahili, handaki, limetokana na lile la Kiarabu, khandaq, ambalo ndilo jina la vita hivyo.

Mfano wa pili haujulikani sana miongoni mwetu, nao ndio tutakaoukalia leo. Akka ni mji wa bandari katika pwani ya Palestina. Salahuddin Ayyubi aliutwaa mwaka 1187, na mwezi wa Agosti mwaka 1189 majeshi ya Msalaba yakaja kuuzingira. Salahuddin naye akapiga kambi nyuma yao. Wakawa wao wanauzingira mji, naye anawazingira wao. Katika mwaka 1190 wazingiraji walijenga minara mitatu ya mbao, kwa magogo marefu yaliyoletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Mwanahistoria Ibnul Athir asema kwamba kila mnara ulikuwa na urefu wa dhiraa 60 na orofa 5, zote zimejaa wapiganaji. Minara ilifunikwa kwa ngozi zilizopakwa siki na udongo, ili moto usishike. Ilipokokotwa hadi karibu na ukuta, waliokuwa juu yake wakawa wanawatazama walinzi wa mji kwa chini. Mafundi wa nafta, yaani yale mafuta yawakayo yatokayo ardhini, walirusha moto wao siku baada ya siku, wala haukufaa kitu. Watu wa Akka wakaona kwamba kuangamia kwao kumekaribia.

Palikuwa na mtu wa Dameski, kijana wa ukoo wa wafua shaba. Mtu huyu alipenda kukusanya vyombo vya warusha nafta, na kuchunguza ni dawa zipi ziuzidishazo moto nguvu. Waliomjua walimlaumu, wakimwambia kwamba hiyo si kazi yake. Jawabu lake lilikuwa kwamba yeye haifanyi kuwa kazi, bali apenda tu kuijua. Ibnul Athir asema kwamba alikuwa tayari ndani ya mji; Bahauddin Ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Salahuddin aliyekuwapo kambini, asema kwamba aliomba aingizwe mjini na apewe vitu avihitajivyo. Katika kiini cha habari wawili hawa wamewafikiana.

Kijana akamwendea Qaraqush, amiri wa mji, akamwomba amwamrishe mrushaji wa manjaniki, mtambo wa kutupia mawe, arushe kile atakachompa. Qaraqush alikuwa amejaa ghadhabu na huzuni, akamjibu kwamba mabingwa wa kazi hiyo wamekwisha jaribu wakashindwa. Lakini waliohudhuria wakasema huenda Mungu ameiweka faraja mkononi mwa mtu huyu, na kumkubalia hakutatudhuru. Qaraqush akaridhika.

Sasa itazameni elimu yake. Hakuanza kwa moto. Alirusha kwanza vyungu vya nafta na dawa zake bila ya kuviwasha. Wale waliokuwa juu ya mnara, walipoona kwamba hakuna kiwakacho, walipiga kelele na kucheza kwa furaha. Alipoyakinisha kwamba mbao na ngozi zimelowa, ndipo alipokirusha chungu chenye moto. Mnara ukawaka wote kwa ghafla, kisha wa pili, kisha wa tatu. Siki na udongo huzuia moto utokao nje. Havizuii mafuta yaliyokwisha kupenya ndani.

Alipoletwa mbele ya Salahuddin akaahidiwa mali nyingi na ardhi, hakukubali hata chembe. Alisema kwamba amefanya kwa ajili ya Mungu, wala hataki malipo ila kwake.

Ndugu zetu, hapa hatuna budi kusema kweli yote. Katika minara ile waliungua watu. Mtume wetu alikataza kuadhibu kwa moto, akakataza kuua wanawake na watoto, na maulamaa wamejadiliana kwa urefu juu ya mipaka ya moto vitani. Kijana yule aliwalinda waliozingirwa; lakini elimu hiyo hiyo, mkononi mwa dhalimu, huunguza mji wa wasio na hatia. Kwa hiyo kila atengenezaye silaha, zamani na leo, ataulizwa si tu kama chombo chake kilifanya kazi, bali kilifanya kazi juu ya nani. Na aya ifuatayo ile tuliyoitaja yatuamrisha kuielekea amani, adui akiielekea.

Tena, Akka haikuokoka daima. Mwezi wa Julai 1191, baada ya njaa na uchovu, ilisalimu amri, na mwezi uliofuata mateka wake zaidi ya 2,000 waliuawa kwa amri ya mfalme Richard wa Uingereza. Ufundi wa mtu mmoja hununua muda. Hautoshi peke yake pasipo chakula, umoja na subira.

Basi enyi wazazi, mtoto afunguaye redio ili aone kilichomo ndani, msimkemee haraka kwamba hiyo si kazi yake. Mfunzeni, na pamoja na ufundi mpeni hofu ya Mungu. Nanyi viongozi, msimfukuze mnyonge ajaye na shauri. Nanyi wanafunzi, someni hata lile ambalo leo halina soko, kwani hamjui ni siku gani watu watalihitaji.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na aijaalie nchi yetu amani. Amin.