Kinachojaza Pengo la Mfupa

Historia ya vitu vinavyowekwa mahali pa mfupa uliopotea husimuliwa kama ngazi. Chini imo jasi, juu yake metali na saruji, kisha kioo na kauri, na kileleni protini za maabara, kila kizazi kikiukaribia mfupa halisi kuliko kilichotangulia. Masimulizi hayo huwafaa wanaouza bidhaa mpya, lakini tarehe zinayakataa. Jasi ilijazwa kwenye mifupa ya wagonjwa mjini Bonn, na habari zake zikachapishwa mwaka 1892. Fosfeti ya kalsiamu ilijaribiwa kwa sungura nchini Marekani mwaka 1920. Zote mbili zingali zinatumika katika vyumba vya upasuaji. Ikiwa nyenzo zilikuwapo mapema hivyo, basi kilichochelewa ni kitu kingine. Naona kilichochelewa ni kukubali kwamba kazi ya kujenga mfupa ni ya mwili. Watafiti walikwama kila walipotafuta kitu cha kukaa mahali pa mfupa, wakasonga walipotafuta kitu cha kuusaidia mwili ujenge wenyewe.

Mfupa uliovunjika kwa kawaida hujiunga. Pengo kubwa, lililoachwa na risasi, uvimbe uliokatwa au usaha uliokula mfupa, halijifungi. Dawa ya zamani ni kuhamisha mfupa kutoka kwingine. William Macewen wa Glasgow alionyesha mwaka 1880 kwamba inawezekana, alipomjengea mtoto mfupa wa mkono wa juu kwa vipande vilivyokatwa kwenye miundi ya watoto wengine waliokuwa wakinyooshwa matege. Baadaye wapasuaji walizoea kuchota kwa mgonjwa mwenyewe, muundini au nyongani. Mfupa huo una seli hai na haununuliwi dukani, na hapo ndipo ninapoona sababu ya nyenzo bandia kusubiri. Mtazame Fred Albee wa New York. Mwaka 1915 alichapisha kitabu kizima kuhusu upandikizaji wa mfupa. Mwaka 1920, yeye na mwenzake Morrison wakatangaza kwamba mifupa ya sungura iliyotiwa fosfeti iliunga haraka kuliko ile isiyotiwa. Kisha fosfeti ikalala kwa takriban nusu karne. Mpasuaji mwenye ghala la mfupa hai chini ya ngozi ya kila mgonjwa hakuwa na haja ya kuhangaika na unga wa chupa. Ghala hilo lina gharama zake: kidonda cha pili, maumivu ya nyonga ambayo kwa baadhi ya watu hudumu miezi, na akiba ndogo kwa mtoto mchanga au bibi kizee. Ila gharama hizo alizibeba mgonjwa, na ya mgonjwa si rahisi kuingia katika hesabu za daktari.

Atakayepinga atasema jasi ya Bonn ilisahaulika kwa sababu ya usaha tu. Dreesmann, aliyeitumia huko Bonn, aliichanganya na asidi ya karboliki na kuijaza kwenye matundu ya mifupa iliyooza kwa kifua kikuu na maambukizi mengine, nusu karne kabla penisilini haijafika hospitalini. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini Leonard Peltier alipoirudia jasi huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, viuavijasumu vikiwa tayari vipo, mpaka wake ulijitokeza palepale. Ilifaa ndani ya tundu lililozungukwa na kuta za mfupa hai. Haikufaa kubeba uzito wala kuunganisha ncha mbili zilizoachana mbali. Jasi, ile ile inayofunga hogo la mguu, huyeyuka mwilini katika muda wa wiki kadhaa. Mfupa ukiwahi kuingia, tundu hujaa. Usipowahi, hubaki wazi. Usaha uliweza kuiharibu kazi ya jasi, lakini hata pasipo usaha mafanikio yake yalitegemea mwendo wa seli zilizoizunguka.

Hatua kubwa ilitoka kwa mtu asiyekuwa mpasuaji. Mwaka 1967 Larry Hench, mtaalamu wa kauri wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akielekea kwenye mkutano katika jimbo la New York. Afisa wa jeshi aliyetoka Vietnam akamuuliza kama anaweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa binadamu hautakikataa. Wakati ule sifa ya nyenzo nzuri ilikuwa ukimya wake: metali au plastiki isiyofanya lolote, ambayo mwili huizungushia utando wa kovu na kuiacha ilipo. Hench aligeuza mantiki hiyo. Alichanganya silika asilimia 45 na sodiamu, kalsiamu na fosforasi, akapata kioo kinachoanza kuliwa mara kinapogusana na maji ya mwili. Mwaka 1969 vipande vyake viliwekwa kwenye mifupa ya mapaja ya panya, na baada ya wiki 6 Ted Greenlee, mpasuaji aliyeviweka, hakuweza kuving'oa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Kilichotokea ni kwamba sodiamu huvuja, uso wa kioo hugeuka utelezi wa silika, na juu yake huota fuwele za fosfeti zinazofanana na za mfupa wenyewe. Mfupa huzishika hizo.

Hapa hoja yangu inaweza kuonekana imevunjika, kwa kuwa kioo cha Hench kilisifiwa kwa kushikamana na mfupa. Lakini kilichoshikwa ni tabaka lililozaliwa baada ya mwili kukichimba kioo, wala halikuwamo kilipotoka tanuruni. Tazama pia kilipopata kazi. Bidhaa ya kwanza, mwaka 1985, ilikuwa ya kubadilishia vifupa vya sikio la kati, vidogo kuliko vyote mwilini. Mwaka 1993 zikafuata chembechembe za kujazia taya kuzunguka meno. Kioo huvunjika, na kipande chake kizima hakikuwahi kupewa uzito wa paja.

Wakati huohuo wengine waligundua kwamba mashimo yana umuhimu sawa na kemia. Watafiti wa Clemson, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walionyesha kwamba mfupa na mishipa yake ya damu huhitaji vitundu vya angalau sehemu moja ya kumi ya milimita ili vipite. Mwaka 1974 Della Roy na Sari Linnehan wa Pennsylvania walipata vitundu hivyo tayari baharini. Walipika matumbawe katika myeyusho wa fosfeti, kwa joto na shinikizo, na chokaa yake ikageuka kuwa madini ya mfupa bila umbo kupotea. Miongoni mwa matumbawe yaliyoingia katika kazi hiyo ni Porites, jamii ileile ambayo mafundi wa Kilwa na Gedi waliichonga ikiwa bado mbichi kupata mihrabu na miimo ya milango. Nyenzo hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Mfupa huingia ndani yake vizuri, ila yenyewe hukaa miaka mingi, kinyume kabisa na jasi. Ndiyo maana wengine walichanganya fosfeti inayoyeyuka upesi na ile inayokawia.

Pingamizi zito zaidi ni la protini. Mwaka 1965 Marshall Urist wa Los Angeles alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini kwa asidi, ukipandwa ndani ya msuli, huzaa mfupa mpya. Ilidhaniwa kwamba protini inayotoa amri hiyo ya kujenga mfupa ikishapatikana, mwili utatii tu. Protini ya kuamsha mfupa iliruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa uti wa mgongo wa kiunoni, kwa dozi kubwa mno kuliko kiasi chake cha kawaida mwilini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilionya kuhusu wagonjwa waliovimba shingo hadi kushindwa kupumua, ilipotumiwa mahali ambapo haikuwa imeidhinishwa. Mwaka 2011 jarida la The Spine Journal lilitoa toleo zima kukosoa jinsi madhara yake yalivyoripotiwa. Protini hujenga mfupa, hilo halina ubishi. Kilichoshindikana ni kuuamrisha mwili bila kuzingatia mahali na kiasi.

Linganisha na alichofanya Alain-Charles Masquelet huko Ufaransa kuanzia miaka ya 1980. Pengoni aliweka donge la saruji ya akriliki, kitu bubu kabisa, akaliacha kwa wiki 6 hadi 8. Mwili ukalizungushia utando, ule ule ambao Hench alikuwa akiukimbia. Utando huo ukaonekana umejaa mishipa ya damu na vichocheo vya ukuaji. Saruji ikaondolewa, na mfuko uliobaki ukajazwa mfupa kutoka nyongani mwa mgonjwa. Kwa njia hiyo yamezibwa mapengo ya sentimita nyingi. Akiba ya nyonga isipotosha, mfupa huchanganywa na chembechembe za kauri ya fosfeti ili kuongeza ujazo, na wapasuaji bado wanabishana kauri inaweza kuwa sehemu ngapi za mchanganyiko kabla mfupa haujashindwa kuunga.