Barawa, mji uliosomesha dini kwa tenzi

Julai 1919, katika mji wa Barawa, pwani ya kusini ya Somalia, alifariki bibi mkongwe wa ukoo wa masharifu. Jina lake kamili ni Mana Siti Habib Jamaluddin, lakini hata leo wenyeji wakimtaja humwita Dada Masiti. Kaburi lake likawa mahali pa ziara ya kila mwaka, heshima ambayo katika pwani yetu huwaangukia zaidi masheikh wanaume, wenye vyuo na wanafunzi wa kuwasomea hitima. Dada Masiti aliipata kwa tenzi zake.

Historia nyingi za ushairi wa Kiswahili huanzia Pate na Lamu, zikateremka Mombasa na Unguja, basi. Ukivuka mpaka wa Kenya kwenda kaskazini, kalamu hukauka. Huku nyuma Barawa ilikuwa na watu wake, na lugha yao, Chimiini au Chimbalazi, ni ndugu wa damu wa Kiswahili: ngeli ni zilezile, na Kisomali, Kiarabu na Kiitaliano vimeacha alama zake. Utenzi wao huuita steenzi. Waliuandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofanya washairi wa Lamu.

Maisha ya Dada Masiti yanasimuliwa kwa namna zaidi ya moja. Wapo wasemao aliibwa akiwa mtoto wa miaka sita hivi na kupelekwa Unguja. Wengine wanaiingiza Pate katika safari hiyo, na habari za uchumba ambao jamaa hawakuuridhia. Masimulizi yote yanakutana mahali pamoja: binti wa masharifu, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 19, aliishi Unguja katika hali ya utumwa, kisha akarudi kwao. Kwa mji uliohesabu nasaba kama fedha, hilo halikuwa jambo dogo. Aliporudi akaelekea kwenye elimu na ibada, akaingia twarika ya Qadiriyya, na uzeeni akawa mtu wa kuendewa kwa dua na ushauri.

Utenzi wake unaojulikana kuliko yote ni maombolezo ya Sheikh Nureni Ahmed Sabir, mwanachuoni mkubwa wa mji. Mashairi mengi ya tanzia humtukuza marehemu, yakataja vitabu alivyosomesha na watu aliowalisha. Dada Masiti hakukaa sana hapo. Aliyageuza maombolezo yakawa mazungumzo na aliye hai: wewe unayemlilia sheikh, je, safari yako umeiandalia nini? Wasomaji watamkumbuka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Al-Inkishafi, aliyeyatazama magofu ya Pate na kuiasa nafsi yake. Lakini Sayyid Abdallah anazungumza kama bwana aliyeona majumba ya mabwana yakianguka. Dada Masiti anazungumza kama mtu wa nyumbani, kwa maneno ambayo mpishi na mtwana wangeyafahamu bila kufasiriwa. Kwangu mimi ndipo nguvu yake ilipo, na sioni kwa nini Mwana Kupona, aliyefariki 1860, atajwe katika kila orodha ya washairi wanawake na huyu aachwe.

Mji huohuo ulimtoa Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa 1847 katika familia isiyo na jina kubwa. Alikwenda Baghdad, kwenye kitovu cha Qadiriyya, akarudi miaka ya 1880 akiwa na ijaza ya kuieneza twarika. Wakati huo miji ya Benadir, yaani pwani hiyo ya Somalia, Barawa ikiwemo, ilikuwa bado chini ya sultani wa Zanzibar, na Sheikh Uways alifika Unguja katika enzi ya Sayyid Barghash, akapokewa vizuri ikulu. Alichoacha Unguja hakikuwa kitabu. Kilikuwa halaka ya dhikri: watu wamesimama kwa duara, wanayumba pamoja, pumzi zinapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, na msomaji mwenye sauti nzuri anaghani kasida juu yao. Wenye elimu ya vitabu walinung'unika. Watu wa kawaida, wengi wao watumwa au waliotoka utumwani, wakajaa.

Sheikh Uways mwenyewe alitunga kwa Kiarabu, kwa Kisomali na kwa Chimiini, kila lugha na watu wake. Ushairi wake haukuwa wa mapenzi ya Mungu peke yake. Alipozuka Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, kiongozi wa twarika ya Salihiyya aliyepigana na Waingereza na ambaye naye alikuwa mshairi hatari, hao wawili walirushiana mashairi kwa miaka. Sheikh Uways alitunga kasida ya Kiarabu akiwaita watu wa Salihiyya wapotovu. Upande wa pili ukajibu kwa ukali uleule. Ugomvi ulihusu kuwaombea watu kwa jaha ya mawalii waliokufa, kuzuru makaburi, na nani hasa mwenye haki ya kusema kwa niaba ya dini. Aprili 1909, huko Biyole, wafuasi wa Sayyid walimvamia Sheikh Uways na kumuua pamoja na wanafunzi wake. Watu hudhani ushairi wa kisufi ni kitu laini, cha marashi na udi. Biyole inasema vingine.

Baada yake, kazi ya kutunga ilimwangukia zaidi Sheikh Qasim bin Muhyiddin al-Barawi, aliyefariki 1922. Alikuwa mjuzi wa Kiarabu na alikusanya kasida za Kiarabu za masheikh wake zikachapwa Cairo. Angeweza kubaki huko juu. Badala yake alitunga steenzi moja baada ya nyingine kufunza udhu, sala, sifa za Mtume na adabu za kuishi na watu. Italia ilikuwa imeinunua Benadir kutoka kwa sultani wa Zanzibar mwaka 1905, na amri za kukomesha utumwa zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Watu ambao jana walikuwa mali ya wengine walikuwa sasa wanataka kuijua dini yao wenyewe, na Kiarabu hawakuwa nacho. Wanawake wa mjini nao, hata wale wa nyumba kubwa, wengi hawakukaa chuoni miaka ya kutosha kusoma fiqhi. Utenzi ulijibu haja hiyo. Beti fupi zenye kina cha mwisho kinachojirudia hukaa kichwani, na asiyejua kusoma huzichukua kwa kusikia mara chache tu.

Kwa hiyo walinzi wa steenzi wakawa wanawake. Walizighani kwenye mikusanyiko yao ya nyumbani, kwenye misiba na maulidi, na waliojua kuandika walizinakili kwenye madaftari. Sheikh akitunga, ni bibi aliyeamua kama utenzi utaishi.

Haya hayakuanzia Barawa. Muda mrefu kabla, Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate alikuwa ameshaifasiri Hamziyya, kasida ya al-Busiri wa Misri aliyefariki katika miaka ya 1290. Kuhusu tarehe ya tafsiri hiyo wapo wanaotaja 1652 na wapo wanaotaja 1749. Aliuweka Kiswahili chini ya Kiarabu, mshororo kwa mshororo. Kazi kubwa, bila shaka. Lakini Kiswahili chake ni Kingozi kizito, lugha ya kale ya washairi, na hata Mswahili wa leo anahitaji mwalimu pembeni. Sayyid Aidarus aliileta kasida nyumbani kisha akaiweka rafu ya juu. Watu wa Barawa waliiteremsha.

Kusini mambo yalifanana, ingawa kila mji na njia yake. Lamu, Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija, aliwasomesha watoto wa watumwa na wageni wa mtaa wa Langoni, akaingiza matari na nai kwenye maulidi. Wakubwa wa mji walikasirika, kisha wakazoea. Leo maulidi ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ya mfungo sita huleta watu kutoka pwani nzima. Bagamoyo, khalifa wa Qadiriyya alikuwa Sheikh Ramiya, aliyechukuliwa mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, na aliyefariki 1931 akiwa mwanachuoni anayeheshimiwa na mji mzima.

Barawa yenyewe haikubahatika. Vita vya Somalia vya 1991 viliwakuta watu wa mji huo bila silaha na bila kabila kubwa la kuwakinga. Waliporwa, wanawake wakadhulumiwa, na maelfu wakakimbilia Mombasa kwa majahazi. Waliishi kambini, kisha wakatawanyika: London, Atlanta, Columbus. Madaftari mengi yalipotea. Yaliyookoka yaliokoka kwenye masanduku ya nguo, kwenye kanda za kaseti, na kwenye vichwa vya wazee. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walitoa kitabu kikubwa cha steenzi hizo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kwa mara ya kwanza mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuzisoma bila kumtafuta bibi wa Barawa, ingawa mahadhi hayachapiki.

Juni 2013, kituo cha Wabarawa cha Muswell Hill, kaskazini mwa London, kilichomwa moto. Ramadhani ilikuwa karibu na hawakuwa na pa kusali. Sinagogi la Finchley likawafungulia milango, wakafuturu na kusali humo, na ukaribu huo uliendelea katika Ramadhani zilizofuata. Jamii iliyokuwa karne moja nyuma ikibishana kwa mashairi kama inafaa kumzuru walii sasa ilikuwa imetandika mikeka yake ndani ya nyumba ya ibada ya Wayahudi. Sijui Sheikh Uways angelitungia jambo hilo kasida ya namna gani, lakini sidhani kama angelinyamazia.