Ndege Iliyozoea Uwanja Mpana

Ndege ndogo yenye gurudumu la mkia inapoacha njia wakati wa kuruka na kuishia vichakani, lawama huangukia miguu ya rubani: alichelewa kukanyaga pedali ya usukani. Mara nyingi ni kweli. Lakini ukitazama viwanja vya porini, kama vinavyohitajika Mpanda na Katavi, magharibi mwa Tanzania, sehemu ya kosa hilo huwa imeshachongwa ardhini kabla injini haijawashwa.

Ndege za namna hii zilizaliwa enzi ya viwanja vya majani vilivyo wazi pande zote. Rubani alitazama upepo unatoka wapi, akaielekeza ndege huko, akaruka. Nyingi hazikuwa hata na gurudumu nyuma, bali kipande cha kuburuza kilicholima nyasi na kuunyoosha mkia. Upepo wa ubavuni haukuwa tatizo kubwa, kwa sababu hakuna aliyelazimika kuupokea. Katika nchi ya miombo mambo ni mengine. Kila mita ya upana ni miti ya kukata na visiki vya kung'oa, hivyo hufyekwa ukanda mmoja mwembamba, na upepo unaachwa uvume utakavyo. Reli ya Kaliua hadi Mpanda, takriban kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Haikugusa pembe zote za nchi hii, na masika hukata barabara. Ndege ndogo ikawa na kazi yake, hasa baada ya Hifadhi ya Katavi kuanzishwa mwaka 1974.

Hatari yenyewe iko kwenye uzito, ambao umekaa nyuma ya magurudumu makuu. Ndege ikipinda kidogo, uzito huo huzidisha mpindo, kama mkokoteni unaosukumwa badala ya kuvutwa. Rubani anaponyanyua mkia, pangaboi linalozunguka huivuta pua upande mmoja, gurudumu la nyuma limeshaachia ardhi, na upepo unaopita kwenye usukani bado ni hafifu. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na ndege hukimbia zaidi ardhini kabla ya kupaa.

Mtu atasema: basi mwenye hatia ni ndege. Cessna 172 ya mwaka 1956 ilitokana na Cessna 170, gurudumu likahamishwa kutoka mkiani kwenda mbele, na tabia ile ikatoweka. Hoja nzito, lakini mbona kampuni hiyohiyo ilileta Cessna 185, ya gurudumu la mkia, mwaka 1961, ikaitengeneza hadi miaka ya 1980? Ni kwa sababu gurudumu la mbele huvunjika kwenye shimo la ngiri, na kokoto hula pangaboi lililo karibu na ardhi. Uwanja wa porini ndio unaoidai ndege hii, kisha unainyima upana.

Hata ubora wa ardhi una neno lake. Januari 1954 huko Butiaba, Uganda, ndege ya Rapide iliyombeba Ernest Hemingway ilishindwa kuruka kwenye uwanja mbovu, ikaungua, abiria walinusurika. Mpanda sasa ina lami, na ndege kubwa kidogo zenye gurudumu la mbele zinafaidika. Lakini kwa ndege ya gurudumu la mkia lami ni kali zaidi: nyasi huruhusu tairi kuteleza pembeni kidogo, lami huing'ang'ania na kuipindua ndege upande.