Kiharusi na saratani ya utumbo mpana: Ujana si kinga

KWA miaka mingi kiharusi na saratani ya utumbo mpana vimehesabiwa kuwa maradhi ya wazee. Ndiyo sababu kijana anayeona damu chooni hujiambia kuwa ni bawasiri, na anayekufa ganzi mkono ghafla huambiwa ameulalia vibaya au amekumbwa na jini. Kuchelewa huko ndiko kunakogharimu maisha.

Kiharusi

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu kwa sababu mshipa umeziba au umepasuka. Chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo mara nyingi halina dalili. Kwa vijana huongezeka kasoro za moyo, selimundu, maambukizi ya VVU, matatizo ya ujauzito, sigara na dawa za kulevya.

Utafiti uliofanyika nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 316 kwa mwaka katika kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na 109 wilayani Hai. Hesabu hizo zilikwisha kusawazishwa kwa umri, hivyo tofauti hiyo haikutokana na wingi wa wazee.

Dalili huja ghafla: uso kwenda upande mmoja, mkono au mguu kulegea, na maneno kutoeleweka. Hata zikitoweka baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe hospitali, kwani hilo ni onyo. Mshipa unapoziba, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kuwa hakuna damu iliyovuja. Kwa hiyo kumbuka saa dalili zilipoanza, na usimpe mgonjwa chakula, maji wala aspirini.

Saratani ya utumbo mpana

Saratani hii kwa kawaida huanza kama kinundu kidogo ndani ya utumbo, ambacho huchukua miaka kugeuka. Kikiondolewa mapema, saratani huzuiwa. Mwigizaji wa Marekani, Chadwick Boseman, aligundulika kuwa nayo mwaka 2016, akafariki dunia Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Nchini humo, waliozaliwa mwaka 1990 wamekadiriwa kuwa na hatari maradufu ya waliozaliwa mwaka 1950 walipokuwa na umri kama wao. Mwaka 2021 umri wa kuanza uchunguzi ulishushwa huko kutoka miaka 50 hadi 45.

Dalili ni damu katika choo, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, maumivu ya tumbo, kupungua uzito na upungufu wa damu usio na sababu. Usinunue dawa za amiba au bawasiri mara kwa mara bila kupimwa. Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyeugua amweleze daktari, kwani huenda akahitaji kuchunguzwa mapema zaidi.

Kinga

Maradhi haya mawili yana njia zinazofanana: unene uliokithiri, sigara, pombe na kukaa kitako kutwa nzima. Nyama za kusindikwa, kama soseji, nazo zimo: gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 18. Punguza chumvi, kula mboga, maharage na nafaka zisizokobolewa, tembea, na pima shinikizo la damu hata kama hujisikii mgonjwa.