Refa Akitaka Kucheza
Fikiria refa mwenye filimbi mdomoni na jezi namba tisa mgongoni. Hiyo ndiyo shida ya michezo ya kuigiza wahusika mezani, na si ya jana.

Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons huko Marekani. Kila mchezaji huongoza mhusika wake. Refa naye huchora pango, huficha mitego na kuwasemea mazimwi wote. Sasa refa akitaka mhusika wake pia? Atajifanyaje hajui mtego uko wapi, na ni yeye aliyeuficha?

Gygax mwenyewe alikuwa na hamu hiyo. Kule Lake Geneva, Wisconsin, alikuwa akiendesha ulimwengu wake wa Greyhawk. Akamkaribisha kijana mmoja, Rob Kuntz, wauendeshe pamoja. Kuntz akikalia kiti cha refa, Gygax alikuwa mchezaji tu, na mchawi wake Mordenkainen aliingia pango asilolijua, kama mhusika wa mtu yeyote.

Napenda jibu hilo. Kundi letu ni la watu watatu. Refa asipocheza, wahusika wanabaki wawili na joka linawamaliza mapema. Lakini mhusika wa refa akiua joka la refa, si basi sisi wengine tumekuja kutazama tu? Ndiyo maana tunapokezana kiti. Wiki hii filimbi ni yako, wiki ijayo ni yangu.