Noeli Iliyotafuta Nyumba



Leo ni Jumapili ya Familia Takatifu. Majumbani mwetu bado mna harufu ya pilau, pango la Noeli halijabomolewa, na watoto hawajakubali kuzivua nguo zao mpya. Sikukuu ya leo si ya kale sana. Papa Leo XIII aliiruhusu mwaka 1893, Papa Benedikto XV akaieneza kwa Kanisa lote mwaka 1921, na ni katika marekebisho ya kalenda ya mwaka 1969 tu ndipo ilipohamishiwa Jumapili hii inayofuata Noeli. Kanisa limependa tumwangalie Mtoto pamoja na nyumba iliyompokea. Na Injili haitufichi kwamba nyumba yenyewe ilikuwa ya mashaka: Yosefu aliamka usiku, akamchukua Mtoto na Mama yake, akakimbilia Misri kwa kumwogopa Herode.

Kwa sababu hiyo napenda leo tuizungumzie historia kidogo. Noeli ya nyumbani, yaani baba, mama na watoto wadogo kuketi pamoja na kufurahi, tumezoea kuiona kama jambo la tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Wakristo wa karne za kwanza hawakuwa na Noeli kabisa. Sikukuu yao ilikuwa Pasaka. Hati moja ya Roma ya mwaka 354, yenye kumbukumbu zinazorudi hadi mwaka 336, ndiyo inayotuonyesha tarehe 25 Desemba ikiadhimishwa mjini humo. Nayo ilikuwa sikukuu ya altareni. Watoto hawatajwi.

Mnamo mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba liandaliwe hori, zitiwe nyasi kavu, waletwe ng'ombe na punda, kisha Misa isomwe hapo. Watu wa vijijini walipanda mlimani usiku wakiwa na mienge. Fransisko, aliyekuwa shemasi, aliimba Injili. Ndugu Thoma wa Celano, aliyeyaandika hayo miaka michache baadaye, asema kuwa mtu mmoja mwema alimwona mtoto amelala horini, naye Fransisko akimwendea kana kwamba anamwamsha usingizini. Hapakuwa na sanamu yoyote ya mtoto. Kila ninapoisoma habari hiyo husimama hapo: hori lile, kwa macho ya kawaida, lilikuwa tupu. Kutoka Greccio desturi ya pango ilienea katika makanisa ya Ulaya, na baada ya karne kadhaa ikavuka vizingiti na kuingia sebuleni, mahali ambapo watoto wangeweza kuwashika kondoo wa udongo kwa mikono yao.

Kwetu huku pwani ya Afrika ya Mashariki mambo yalianzia upande mwingine. Wamisionari waliifikisha Noeli mahali ambapo watoto walikuwapo tayari, tena wengi. Kilichokosekana ni nyumba zao.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walichukua kazi ya misioni ya Zanzibar mwaka 1863, na mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka bahari na kuanza misioni ya Bagamoyo. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na soko ambapo binadamu aliuzwa hadharani. Misioni iliwakomboa watoto kutoka utumwani kwa fedha, na sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa watoto wenzao wa Ulaya, kwa njia ya chama kilichoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson. Makatekista wanakifahamu chama hicho. Ndicho hiki tunachokiita Utoto Mtakatifu katika parokia zetu. Watu wenye akili wameuliza kama kumnunua mtumwa ili kumfanya huru hakukumpa faida yule aliyemwuza. Swali ni la haki, maana fedha zile kweli zilipita mikononi mwa wauzaji. Lakini mtoto aliyekuwa amesimama pale sokoni hakuwa na muda wa kungojea jibu.

Kati ya watoto hao tunaijua vizuri habari ya mmoja, msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema. Aliwasimulia Masista wa misioni ya Zanzibar maisha yake, Padre Horner akayaandika, na mwaka 1870 yakachapishwa Ufaransa kuwa kitabu. Yatupasa kukisoma kwa uangalifu, kwa kuwa kilitengenezwa ili kuwagusa wasomaji wa Ulaya, na sauti ya padre husikika mara nyingi ndani ya sauti ya mtoto. Hata hivyo kiini chake kina uzito wa kweli, na wataalamu wa historia wamekichukua hivyo.

Swema alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na baba, mama na ndugu. Baba yake, mwindaji, aliuawa na simba. Njaa na misiba ikafuata, mama akabaki mjane na Swema wake. Mjane huyo alikopa nafaka, mavuno yakamtupa, na deni likabaki. Siku moja mdai alikuja, akamchukua mtoto kuwa fidia ya deni, akamtoa kwa msafara wa wafanyabiashara waliokuwa wakielekea pwani. Mama hakukubali kuachwa nyuma. Aliomba achukuliwe naye, awe mpagazi wa pembe za ndovu, mradi tu awe karibu na mwanawe. Alibeba mpaka nguvu zikamwishia, na aliposhindwa kubeba aliachwa njiani afe. Swema alifikishwa Kilwa, akapakiwa jahazini pamoja na wengine waliobanana kama mizigo, akashushwa Zanzibar akiwa amedhoofika kiasi kwamba mwenye mali aliona hana bei. Wakamzungushia mkeka, wakamfukia angali hai katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja, mwenyeji wa kisiwa cha Réunion, alipita karibu, akasikia kilio, akafukua, akampeleka kwa Masista.

Ndugu zangu, tukiitafakari habari hii tusikimbilie upesi mwisho wake mwema. Tuutazame mwanzo. Hakuna jeshi lililoivamia nyumba ya Swema. Nyumba ile ilivunjwa na deni la nafaka ambalo jirani angeweza kulingojea mpaka mavuno mengine.

Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, tarehe 5 Juni, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo ndugu zetu Waanglikana, katika kazi iliyoongozwa na Edward Steere, yule aliyekipenda Kiswahili na kukiandikia sarufi, waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu lao Mkunazini, palepale palipokuwa sokoni. Sijui Noeli nyingine ya pwani yetu iliyosema mengi kama ile. Lakini kanisa, hata liwe zuri namna gani, si nyumba ya kulala mtoto.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa Bagamoyo. Watoto waliokombolewa waliishi katika mabweni, wavulana kwa mapadre na mabradha, wasichana kwa masista. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka kanisani, shuleni, shambani na mezani. Walifundishwa kusoma na ufundi, na walifanya kazi nyingi ya shamba. Nidhamu ilikuwa kali, wapo waliotoroka. Wamisionari walikuwa watu wa imani na juhudi, tena wengi wao walikufa vijana kwa homa, nasi twawashukuru. Lakini bweni ni bweni. Mtoto katika safu ya vitanda hupata chakula na mafundisho, ila hakuna anayemfahamu kwa namna mama anavyomfahamu mwanawe kwa kikohozi chake gizani. Nadhani Noeli yao ya kwanza ilikuwa na nyimbo nzuri, mishumaa mingi, na huzuni ambayo hakuna aliyeiandika.

Wamisionari wenyewe walilijua jambo hilo. Vijana wale walipokua, waliooana walipewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo jirani na misioni. Siku kadhaa walifanya kazi za misioni, siku nyingine zao wenyewe. Vitabu vya historia huziandika habari hizi katika sura za uchumi na mashamba. Mimi naona pana jambo kubwa zaidi. Mtu ambaye hakumbuki sura ya baba yake sasa anaitwa baba. Mwanamke aliyeuzwa akiwa na miaka saba au minane sasa anamfunga mtoto mgongoni, na hakuna mtu mwenye bei yake. Watoto waliozaliwa katika nyumba zile ndio waliokuwa wa kwanza, katika jumuiya ile, kutoka kanisani siku ya Noeli na kurudi nyumbani wakiwa wameshikwa mkono na baba na mama. Jambo ambalo sisi tumelifanya juzi bila kulifikiri, kwao lilikuwa jipya kabisa. Nao wazazi hawakuwa na mahali pa kuliiga. Ilibidi walibuni, nyumba kwa nyumba, wakijifunza kulea kama mtu ajifunzavyo lugha ukubwani.

Tena familia hizo ndizo zilizopeleka Injili bara. Misioni ya Mhonda ilipoanzishwa mwaka 1877, na ya Mandera mwaka 1881, mapadre hawakwenda peke yao. Walikwenda pamoja na familia za Wakristo kutoka Bagamoyo, wenye majembe, vyungu na watoto. Wenyeji waliotaka kujua Ukristo ni kitu gani waliutazama kwanza uani: huyu mume asemaje na mkewe, mtoto akilia nani hunyanyuka. Makatekista, mnaposoma habari za waasisi wa imani yetu, msizitafute katika majina ya maaskofu peke yake.

Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont, pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, walifunga safari mpaka Kilimanjaro, wakachagua Kilema. Huko Noeli ilikuta nyumba zilizosimama imara katika migomba, zenye ukoo na makaburi ya mababu, ikaingia kama mgeni anayekaribishwa sebuleni. Matunda yake twayaona kila Desemba, mabasi yanapojaa ndugu zetu Wachaga wanaopanda kwenda nyumbani, watoto waliozaliwa Dar es Salaam wakienda kumwamkia babu na kuonja mtori. Wengine huwatania kwa desturi hiyo. Mimi sitanii, ingawa nauli za siku hizo zamsikitisha kila mwenye familia kubwa.

Wazee watakumbuka pia Noeli ya mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba. Kabla ya Desemba yalikuwa yamesukumwa nje, lakini nyumba ng'ambo ya mto zilikuwa zimeporwa na kuharibiwa, na akina baba wengi nchini walikuwa wamevaa sare, mbali na watoto wao. Kisha ikaja miaka ya uhaba, foleni za sukari na kitambaa. Watoto wa miaka ile waliikata Noeli kwa nguo za zamani zilizofuliwa vizuri, na leo ndio akina babu na bibi wanaowasimulia wajukuu.

Sasa nirudi katika nyumba zetu za mwaka huu. Katika baadhi yake yumo mtoto ambaye hatumhesabu tunapotaja watoto. Ni msichana wa kazi. Ametoka kijijini, pengine ana miaka kumi na mitatu tu, ingawa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Siku ya Noeli aliamka kabla ya wote ili achambue mchele. Aliwaogesha watoto wetu, akawavalisha, akabaki kulinda nyumba tulipokwenda Misa. Tulipokula alikula baadaye, jikoni. Kwao pana mama anayejiuliza kama mwanawe amekula nini. Nikiuliza alivyokuja mjini, mara nyingi nasikia habari ninayoifahamu: baba amefariki, mvua haikunyesha, palikuwa na deni.

Yule ambaye yumo nyumbani mwake msichana kama huyo bado anazo siku chache. Kipindi cha Noeli hakijaisha. Kinaendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Amuulize jina la mama yake. Amketishe mezani pamoja na wengine. Na kama umri wake ni wa kuwa shuleni, mwezi Januari shule zinafunguliwa.

Na ninyi makatekista nina ombi moja kwenu. Katika jumuiya zenu ndogo ndogo wamo bado wazee ambao wazazi au babu zao walibatizwa katika siku za mwanzo za misioni. Daftari za ubatizo parokiani zinatupa majina na tarehe. Hazisemi nani alipika nini, wimbo upi uliimbwa uani, wala mtoto alilala mapajani mwa nani usiku wa Noeli. Nendeni na daftari na kalamu mkawaulize, nanyi mkaandike kama wanavyosema, kabla hawajaondoka.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Tumsifu Yesu Kristo.