Debe: Historia ya Kitu Kilichotupwa

Tunapoutaja urithi wa utamaduni wetu, kwa kawaida twafikiri ngoma, vinyago, mashairi na majumba ya kale. Ni mara chache tunavikumbuka vitu ambavyo wenyewe wa kwanza walivitupa. Hata hivyo, historia ya miji ya Afrika Mashariki haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kulitaja debe.

Mafuta ya taa yalianza kuletwa katika pwani yetu kutoka ng'ambo katika karne ya 19. Kwa miaka mingi yalisafirishwa katika makopo ya bati ya pembe nne, kila moja likichukua galoni 4, yaani takriban lita 18. Kwa mwenye kampuni, kopo hilo lilikuwa chombo cha safari moja. Mafuta yakiisha, nalo limekwisha. Kwa watu wetu, hapo ndipo lilipoanza kazi.

Debe lilikatwa upande wa juu, likatiwa mpini wa mti, likawa ndoo ya kutekea maji. Wauza nafaka walilifanya kipimo, na mpaka leo mahindi na maharage hupimwa kwa debe. Mafundi wa bati walilikata wakaunda koroboi na majiko ya makaa. Lililochakaa lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likaezekea nyumba. Huko Pumwani, mtaa wa Nairobi ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, nyumba nyingi zilikuwa na kuta za fito na udongo, na mapaa ya madebe yaliyokunjuliwa.

Tusidhani kwamba watu walifanya hayo kwa kupenda uchakavu. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia, mwenye kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Nchini Kenya, ripoti ya Kamati ya Carpenter ya mwaka 1954 ilikiri kwamba mishahara ilikuwa imekadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja. Aliyekuwa na mke na watoto alitakiwa kuliziba pengo hilo mwenyewe. Basi mji uliotupa bati ukajengwa na watu wasioweza kununua bati jipya.

Lugha yetu imelikumbuka debe. Twasema debe tupu haliachi kuvuma. Twampigia debe tumpendaye. Na katika vituo vya mabasi wamo wapiga debe. Lakini mwokotaji hatukumtunukia neno jema. Tumemwita chokoraa, kana kwamba kuchokora jalala ndiyo tabia yake, wala si njaa yake.

Siku hizi dumu la plastiki, ambalo mara nyingi nalo lilikuja na mafuta ya kupikia, limechukua nafasi ya debe kisimani. Katika majalala ya Dandora, Nairobi, na Pugu, Dar es Salaam, wapo watu wanaochambua vyuma na plastiki ili viuzwe na kufanywa vitu vipya. Wanafanya kazi katika moshi na uvundo, na malipo yao ni madogo.

Yafaa wanafunzi wetu wajifunze kuuliza, kila waonapo kitu kilichotupwa, ni nani atakayekiokota, na kwa nini imembidi. Taifa linalojivunia ustadi wa kulifanya debe kuwa paa halina budi kumheshimu pia aliyelala chini ya paa hilo.